Mama Kola, Aliyezitafutia Nguo Zetu Wenzao

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofika mmevaa kazi za mikono yake: familia imenituma mimi, mdogo wake wa kuachiana ziwa, niwasomee habari za dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kola. Yeye alipenda habari isimuliwe bila haraka, kwa hiyo tuvumiliane.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa karani wa stoo na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Mama yetu alisema mtoto huyu alitoka ameshika kitovu chake mkononi, akikivuta kama anayepima uzi. Hatukuwa na shahidi mwingine, tukaamini.

Alianza shule ya msingi Januari 1962. Sweta lake la shule alilirithi kwa kaka yetu mkubwa, ambaye alikuwa na tabia ya kutafuna mikono ya sweta kila mwalimu wa hesabu alipoingia darasani. Lilipomfikia dada, mikono ilikuwa imeliwa karibu nusu, na wenzake wakawa wanamuuliza kama kwao wanafuga mbuzi ndani. Alikwenda kwa mama mkubwa, aliyekuwa akifua nguo hospitalini, akaomba afundishwe kufuma. Mama mkubwa akamfumulia soksi kuukuu nyekundu akampa uzi wake, ila sindano za kufumia hakuwa nazo.

Siku chache baadaye baiskeli ya baba ikaanza kuyumba kama mlevi. Baba akaigeuza juu chini pale uani, akalitazama gurudumu la nyuma, akauliza, "Spoki zangu mbili zimekwenda wapi?"

Watoto wote tukaona jambo la maana sana la kutazama mbinguni. Mama akaingia ndani, akatoka na skafu nyekundu, fupi, yenye matobo mawili yasiyokusudiwa, akamviringishia baba shingoni.

"Shingo inaonaje?" akamuuliza.

"Ina joto."

"Basi, baba watoto, spoki zimehamia huko."

Baba alinunua spoki nyingine, na zile mbili hakuzidai tena. Dada akazitumia kufuma mikono mipya ya sweta lake, na kabla muhula haujaisha, walewale waliouliza habari za mbuzi walikuwa wanauliza sweta kama lile linauzwa wapi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Alitamani kuendelea, lakini nafasi nyumbani ilikuwa ya mmoja, nayo ikamwendea kaka. Hakumwekea kaka kinyongo. Alimwambia tu, "Ukisoma, usile na hayo mashati."

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo za sufu, kwenye mashine za kufuma. Huko ndiko alikokutana na kijana fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa Cheche, aliyekuja kutengeneza geti la kiwanda. Kola ya koti lake la kazi ilikuwa imetobolewa na moto kila upande. Dada alimtazama kupitia dirishani, na alipokuja tena akamkabidhi kola ya sufu nene ya kufungia kwa kifungo, akisema sufu haishiki moto upesi. Shemeji yetu, ambaye yuko hapa mbele na anajua kwamba nitalisema hili, alimjibu: "Zamani cheche zilikuwa zinaniunguza shingo. Sasa naona zimeingia ndani." Geti lile lilichukua muda mrefu kukamilika kuliko geti lolote alilowahi kutengeneza. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walihama mji. Dada alipanga chumba kimoja mtaa wa pili kutoka stendi, kati ya fundi viatu na duka la dawa, akafungua Februari 1992. Alimwita mchora mabango, akamwambia kwa mdomo maneno ya kuandika, naye yule bwana akaandika alivyosikia: NAFUMA WANAUME, WANAWAKE NA WATOTO. KARIBUNI NYOTE.

Dada alikusudia kwamba anawafumia watu. Irabu moja ilidondoka njiani, na kumfuma mtu, yaani kumnasa akiwa ndani ya kosa, kama mjuavyo, ni shughuli nyingine kabisa.

Juma lile lile akaingia mama mmoja amejifunika mtandio hadi machoni. Akaangalia nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mwanamume unamfuma kwa muda gani?"

"Inategemea umbo lake," dada akamjibu. "Ni mnene?"

"Siku hizi kanenepa."

"Mnene anataka uvumilivu. Mwembamba ningekumalizia upesi."

"Na yule mwanamke?"

"Naye nitamfuma. Kama wanataka, nitawafuma kwa rangi moja, wapendeze wakitoka pamoja."

Yule mama alishusha mtandio, akamkazia macho. "Wapendeze?"

Walipoelewana ilibidi fundi viatu aje kuangalia kuna nini, maana mmoja alikuwa amekaa chini na mwingine ameshikilia mlango, wote wawili wanalia kwa kicheko. Dada alipofuta machozi aliona gauni la mgeni wake: kitambaa kizima, ila shingo imechakaa na mikono imenyauka. Akamwambia aliache. Alilitundika kwenye msumari kando ya dirisha, kama alivyofanya kwa kila nguo, akakaa nalo kutwa nzima akilitazama bila kugusa uzi. Kisha akalifumia kola nyeupe na vikono vyake. Mama yule akarudi nalo nyumbani, na mumewe alipomwona hivyo, yeye ndiye aliyeanza kuuliza maswali na kuwahi kurudi jioni. Tangu hapo tukamwita Mpelelezi. Amekuwa rafiki wa dada mpaka leo, na amekaa kule nyuma, amelivaa gauni hilo. Bango dada alikataa kurekebisha. Alisema kosa lililomletea rafiki si la kufutwa.

Mliofika katika chumba kile mnajua kwamba hakumuuliza mteja anataka nini. Aliuliza, "Nguo gani umeichoka?" Ukimletea, alikuonyesha kwa kidole. "Nguo haizeeki yote kwa pamoja. Hii imezeeka shingoni tu. Kwa nini uifukuze nyumbani? Itafutie wenzake." Alimvalisha karani mmoja wa mapokezi gauni moja la kijivu msimu mzima wa baridi: leo lina kola ya bluu, kesho mkanda wa kufuma wenye vifungo vya mbao, keshokutwa skafu ya rangi ya haradali na kofia yake. Mkuu wa ofisi akamwita pembeni akamshauri apunguze kununua nguo. Karani yule alikuja kumhadithia dada, na dada akasema hiyo ndiyo barua ya sifa aliyokuwa akiisubiri.

Tarehe 2 Juni 2019 alipata kiharusi akiwa anafunga duka. Madaktari waliokoa maisha yake na mdomo wake, kwa maana ya maneno, maana mzaha haukumtoka. Lakini mkono wa kulia ulikufa ganzi. Miezi ikapita bila mkono kuamka. Binti yake, mhasibu, mtoto mwenye huruma na mpango, akasema kwa upole kwamba sasa chumba kifungwe.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

"Nikipumzika nitachoka," dada akamjibu.

"Utafuma kwa mkono gani, mama?"

Dada aligeukia ukutani. Sisi tuliokuwepo tulielewa kwamba kinachomuuma si duka. Tangu utotoni alijijua kwa kitu kimoja, na hicho ndicho kilichokuwa kinafungwa. Mwishowe alimwomba bintiye ampe nafasi mpaka mvua ziishe. Kama hadi hapo atakuwa hajafuma kitu ambacho mtu asiyemjua atakipenda, mtu asiyemwonea huruma, basi atautoa ufunguo mwenyewe.

Kesho yake shemeji yetu, ambaye alikuwa amekwishastaafu na viganja vyake mnaviona, vipana kama koleo, alikaa kwenye benchi kulia kwake. "Wewe una mkono mmoja unaojua," akasema. "Mimi ninayo miwili mijinga. Nikuazime mmoja."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Dada alishika sindano ya kushoto, yenye vitanzi. Mzee akashika ya kulia, na dada akamwongoza kwa sauti: "Ingia. Zungusha. Vuta. Toka." Kutwa nzima ungesikia hayo, na fundi viatu akaanza kugonga misumari kwa mdundo huohuo. Waligombana, tusiseme uongo mbele ya marehemu. Vitanzi vya mzee vilikaza mpaka sindano ikawa haipiti.

"Mzee, hii ni sufu. Huchomelei geti."

"Geti langu halijawahi kufumuka."

"Wala halijawahi kuvaliwa."

Polepole mkono ule ukalegea. Matokeo yake ikawa skafu ya kijani ya ajabu: ilianza nyembamba na ngumu kama tai, ikaendelea kutanuka, ikaishia pana na laini kama shali. Dada aliitazama, akasema imefanana na barabara iliyojengwa na wakandarasi wawili. Alitaka kuifumua. Mzee akakataa, akaitundika msumarini.

Mvua zilikuwa zinaishia. Akaingia mwanamke mpita njia, hatumjui hata leo, aliyejibanza kukwepa manyunyu. Koti lake lilikuwa jeusi, zuri, limechoka. Akaishusha skafu, akaichomeka ncha nyembamba chini ya kola, ile pana akaiachia begani, akajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule. Dada na mumewe walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na sindano yake.

"Haitelezi," yule mwanamke akasema. "Zangu zote huwa zinateleza. Nani amebuni huu mtindo?"

Mzee akafungua kinywa. Dada akamkanyaga mguu.

"Ni mtindo wa hapa," akasema.

"Basi naichukua hii. Na dada yangu mfumieni nyingine kama hii, nitaipitia."

Alipotoka, dada alilia, halafu akacheka, halafu akakumbuka balaa lililowapata: mkono wa mzee ulikuwa umekwisha kulegea, na sasa walihitaji kukosea tena, kwa makusudi. Alifikiri kidogo, akampa mumewe maelekezo ambayo wengi wenu mmeyasikia kwa masikio yenu mkipita pale mlangoni: "Ukianza, fikiria geti. Ukifika katikati, nifikirie mimi." Skafu ikatoka kama ya kwanza. Ndiyo hii mnayoiita Geti, na nikitazama hapa mbele yangu naona nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ufunguo haukuombwa tena.

Walifanya kazi hivyo, bega kwa bega, miaka yote iliyobaki. Oktoba mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Alifariki Ijumaa asubuhi, tarehe 17 Novemba 2023, mume wake akiwa amemshika mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uangalizi wao.

Nina jambo moja la mwisho, nalo linahusu chumba, kwa sababu wengi mmetuuliza kwa aibu kama kazi zenu zilizobaki pale zitakwisha. Juzi, waombolezaji walipopungua sebuleni, mzee alichukua kazi iliyokuwa kwenye kikapu, akakaa. Tukamwona anaingiza sindano, anatoa, anaingiza. Ndipo tulipotambua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: huyu mtu anajua mkono mmoja tu. Ule wa kushoto hakuwahi kufundishwa, kwa kuwa ulikuwa na mwenyewe.

Binti yake alimtazama kwa muda. Kisha akavua viatu vyake vya ofisini, akakaa kushoto kwa baba yake, akaishika ile sindano kama mtu anayeshika nyoka.

"Baba, mimi sijui kitu."

"Huo mkono hauna mambo mengi," baba yake akamwambia. "Unashikilia tu, vitanzi visidondoke. Mama yako alikuwa akisema ndiyo kazi ngumu, mimi nilidhani anajisifu."

Binti akaisogeza sindano karibu na ya baba yake.

"Sasa nifanye nini?"

"Shikilia. Mimi naingia."

Mstari ule ulitoka umepinda. Uliofuata haukupinda kama huo. Chumba kitafunguliwa Jumatatu. Waliotuachia nguo wasiwe na wasiwasi, ila tunawaomba uvumilivu.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mkwe, mtoto wa kiume na mkaza mwana, wajukuu wanne, kaka mmoja aliyesoma na kuacha kula mashati, wadogo watatu, mawifi na mashemeji, na Mpelelezi, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Ameacha pia nguo nyingi mjini humu ambazo zilikuwa zitupwe.

Mwenyezi Mungu aipokee mikono yote miwili, uliochoka mapema na uliochoka mwisho. Ilale kwa amani, naye pamoja nayo.