Mama Kalsiamu, Daktari wa Taya na Dada Yetu

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliotoroka zamu hospitali mkaja na makoti meupe mkononi, asanteni kwa kufika. Haya ni maisha ya dada yetu, kama tulivyoyajua sisi tuliozaliwa naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi saa na mkunga. Mbele yake alikuwa kaka, anayesoma maneno haya. Nyuma yake, mwaka 1962, alikuja binti kitinda mimba, ambaye nyumbani tulimwita Kitinda. Marehemu alimbeba Kitinda mgongoni hata pale miguu ya mtoto ilipokaribia kugusa chini. Udaktari nao aliuanza mapema. Akiwa na miaka minane alifunga uzi kwenye jino la kaka yake, ncha ya pili akaifunga kwenye kitasa, akabamiza mlango. Kaka mtu anashikilia mpaka leo kwamba jino lile halikuwa likitikisika.

Alimaliza sekondari mwaka 1974, akahitimu udaktari wa meno mwaka 1981, na mwaka 1986 akamaliza masomo ya upasuaji wa taya. Alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Baba alipoviona vitabu vyake alisema, "Mwanangu, mimi nafungua saa ndogo kuliko kucha na sijawahi kusoma kitu kizito namna hii." Akamjibu, "Baba, saa haipigi kelele ukiikosea."

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyemwacha aongee mpaka achoke. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa tufike palipouma, maana mwenyewe alituasa tusimpake rangi. Mwaka 1988 Kitinda, aliyekuwa fundi cherehani, alivimba taya la chini upande wa kushoto. Hakutaka daktari mwingine. "Dada yupo, niende kwa nani?" alisema. Marehemu aliukwangua uvimbe ule, akapeleka kipande maabara, na jibu likaja: granuloma ya seli kubwa, si saratani. Nyumbani tulipumua. Miezi michache baadaye uvimbe ukarudi, tena kwa kasi. Safari hii alikata kipande cha taya chenyewe, na mshipa wa fahamu ukaenda nacho. Kitinda, aliyezoea kubana pini midomoni akishona, hakuzisikia tena. Zilimdondoka bila yeye kujua.

Mwaka uliofuata Kitinda alilazwa kwa mawe ya figo, na daktari wa wodi ile akapima kalsiamu kwenye damu yake. Ilikuwa juu mno. Kumbe kiini cha yote kilikuwa shingoni, kwenye kitezi kidogo kilichokuwa kikifanya kazi kupita kiasi na kuinyonya mifupa kalsiamu yake, ikajaa kwenye damu. Uvimbe unaoletwa na kitezi hicho, ukiutazama kwa darubini, huwezi kuutofautisha na granuloma ya kawaida. Damu ndiyo husema, na damu haikuwa imeulizwa. Kitezi kilipotolewa, uvimbe mwingine uliokuwa umeanza kwenye taya la juu ulinywea wenyewe, bila kuguswa na kisu. Marehemu aliishika picha ya eksirei iliyoonyesha mfupa umejijenga upya, akakaa kwenye benchi la korido, akalia kwa kwikwi. Alijua kwamba na taya la chini lingepona vivyo hivyo.

Kuanzia siku ile, mgonjwa wa taya akifika kwake, swali lilikuwa moja: "Kalsiamu yake iko wapi?" Hata aliyekuja kung'oa jino bovu alijikuta akikunjwa mkono wa shati, atolewe damu. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Kalsiamu. Wagonjwa wenye granuloma ya kweli aliwachoma dawa ndani ya uvimbe, akangoja, akapiga picha tena. Kisu alikishika pale tu njia nyingine ziliposhindikana. Kuna watu hapa wanaotafuna kwa mataya yao wenyewe kwa sababu hiyo.

Lakini kwa Kitinda hakujua tena kwenda kama dada. Alipofika, kabla ya salamu, vidole viwili vilikuwa tayari chini ya taya. "Fungua. Funga. Hapa unasikia?" Chai ikapoa. Kila mara alimsihi akubali kuwekewa mfupa kutoka nyongani kuziba pengo la taya, na kila mara Kitinda alijibu, "Dada, umeshanikata vya kutosha. Keti basi." Hakuketi. Zaidi ya miaka thelathini, jamani, hakuketi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Februari 2023 alilazwa, na Kitinda akawa ndiye anayemuuguza. Siku moja, Kitinda akimnywesha uji, marehemu alimuuliza neno ambalo hakuwahi kulitamka.

"Umenisamehe?"

"He! Nilikusamehe kabla nyuzi hazijatolewa," Kitinda akamwambia. "Kilichonikera ni wewe kuja kwangu miaka yote hiyo kumwona mgonjwa. Mgonjwa alishapona, Dada. Mimi je, utakuja lini kuniona?"

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikwenda. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Machi. Mikono aliiweka mapajani, akanywa chai ya moto, wakabishana juu ya sukari na kumsema kaka yao mpaka jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Jumapili ya pili alirudi. Ya tatu hakuifikia. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na Kitinda. Katika rasimu ya wasifu huu, Kitinda aliandikwa kwamba ndiye mgonjwa aliyemfundisha marehemu kazi. Ameomba maneno hayo yafutwe. Anataka isomwe hivi tu: mdogo wake.

Dada, pumzika. Umejilaumu vya kutosha.