Mama wa Waziri na Senene

Basi la Kamachumu lilikuwa limeshapita Kanazi. Mbele yangu mwanamke alikuwa akimsomea mzee aliyeketi naye kitabu cha maisha ya waziri mmoja mstaafu. Nimekisoma, waziri hakosei hata mara moja. Walifika pale ambapo waziri, bado mtoto, na mama yake wamefunga mlango wa jikoni na wanakula senene, wale panzi wa msimu, kwenye sahani moja.

“Uongo,” mzee alisema. “Wakati ule wanawake walikamata senene, wakawatoa mabawa, wakawakaanga. Waliokula ni wanaume; kwa mwanamke ilikuwa mwiko.”

“Ndiyo maana wakafunga mlango, waitu, mzee wangu.”

“Anamvunjia mama heshima ili kitabu kiuzike.”

“Kurasa zote hizo anajisifu, umenyamaza. Mama kashiba mara moja, umekasirika.”

Mzee alivua kofia. “Huyo waziri ni mdogo wangu, mwanangu. Mama yupo hai, na Jumapili kitabu kinazinduliwa mbele yake kanisani. Watu watasikia kwamba alikuwa anamficha baba.”

Nilitegemea mwanamke aombe radhi. Aliuliza tu, “Ulishawahi kumuuliza mama mwenyewe?”

“Mtu anamuulizaje mama yake jambo kama hilo?”

“Mdogo wako hakuuliza. Aliitwa akale.”

Gari lilisimama Kamachumu, konda akafungua mlango, abiria wakaanza kushuka. Mzee hakunyanyuka. Alimwomba mwanamke atazame kama kitabu kimeandika kaka mkubwa alikuwa wapi siku hiyo.