Sekunde Arobaini za Mama Anatolia: Wasifu wa Marehemu Elpidius Rwegasira (1952–1999)

Ndugu waombolezaji, wachungaji, wazee, na wote mliokuja na viti vyenu: kwa heshima na uzito unaostahili, tunatangaza kwamba wilaya imempoteza mtu wa kwanza kati yetu kuhamisha picha za video kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta bila kupunguza ubora hata chembe. Taifa halijatoa tamko. Tunasubiri.

Marehemu alizaliwa Chonyonyo tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa Mama Anatolia na Mzee Rwegasira. Alianza kutembea akiwa na miezi minane, na tangu hapo hakukaa tena. Alisoma shule ya msingi huko Igurwa hadi mwaka 1967. Kwenye ripoti yake ya mwisho, mahali pa tabia, mwalimu aliandika neno moja: "Hakai."

Tarehe 4 Novemba 1978 alifunga ndoa na Kemilembe. Maharusi wakiwa wamejipanga nje ya kanisa, habari zikafika kwamba vita inakaribia. Mpiga picha akarukia baiskeli yake na kamera shingoni, na hajaonekana mpaka leo. Shemeji Kemilembe anasema walibaki wanatabasamu peke yao, mbele yao hakuna mtu. Toka siku hiyo marehemu hakumwamini mtu mwingine na kamera.

Alinunua kahawa, akashona viatu, akapiga picha za vitambulisho, na mwaka 1991 akapata kamera ya video ya mkononi, ya mtumba, pamoja na genereta. Alirekodi harusi kuanzia hapa hadi Nyakatuntu, na katika zote alikula amesimama.

Tarehe 17 Julai 1993 alirekodi harusi yangu mimi ninayewasomea, mdogo wake Fidele, na mke wangu Mukashema. Katikati ya mkanda ule kuna sekunde arobaini za mama yetu akimenya ndizi na kucheka. Februari iliyofuata mama alifariki. Picha nyingine ya video ya mama haipo.

Lakini mkanda wenyewe, ule mdogo uliotoka ndani ya kamera, hatukuwa nao. Wazee waliamua uende kwa wazazi wa bibi harusi, kwa kuwa wao ndio waliobaki bila binti. Sisi tulipewa nakala kwenye mkanda mkubwa wa deki. Nakala ikaazimwa, ikanakiliwa, ikapotea. Iliyorudi ilikuwa mjukuu wa nakala. Mama alikuwa mweupe kama uji, na usoni pake pana doa jeusi. Marehemu aliapa kwamba doa lile ni uchakavu tu, kwamba kwenye mkanda wa kwanza uso wa mama upo. Miaka mitano hakutulia.

Agosti mwaka huu akasikia kwamba Bukoba kuna fundi, Protase, mwenye kompyuta ya kuhariri video. Marehemu alikuwa na masharti yake: mkanda wa kwanza, siyo nakala, waya utoke kwenye kamera uingie kwenye kompyuta, bila deki katikati, na picha isibanwe kuokoa nafasi. Akapanda pikipiki kwenda Nyakatuntu kwa mama mkwe wangu, Nyirabageni.

"Shikamoo, mama. Nimefuata mkanda."

"Marahaba. Binti mmechukua. Sasa mnataka na mkanda?"

"Naazima tu, mama."

"Hata Mukashema mlisema atakuwa anakuja kututembelea."

Mkanda ulikuwa ndani ya kopo la maziwa, umefungwa kitenge. Tangu ufike kwake haukuwahi kuchezwa hata mara moja, maana haukuingia kwenye deki yoyote. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja: yeye aende nao Bukoba, ameupakata mwenyewe. Na aliupakata.

Protase alifuta michezo yake yote ya karata ili kompyuta ipate nafasi. Picha ikatokea: rangi zote, moshi wa masufuria, mikono ya mama ikimenya. Na doa. Jeusi kuliko mwanzo, safari hii lina ukucha.

"Hicho si kidole?" akauliza Nyirabageni.

"Kidole gumba," akasema Protase. "Cha aliyeshika kamera."

Kabla mtu hajasema kitu, sauti iliyokuwa imemezwa na mikwaruzo ya nakala ikatoka, safi, ya mama: "We Elpidius, toa kidole, mwanangu, unaniziba!" Kidole kikaondoka. Kwa sekunde tatu za mwisho mama huyo hapo, mzima mzima, anamcheka mwanawe.

Marehemu alikaa chini. Mashahidi wawili wapo.

"Mzee, nikikate kidole, tubaki na hizo tatu?"

"Ukikata kidole umekata na sauti. Acha."

Mwezi Oktoba shinikizo la damu lilimlaza. Daktari aliagiza asitoke kitandani. Alitoka mara nne siku hiyo hiyo. Alifariki nyumbani tarehe 14 Desemba 1999, mkono ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, Kemilembe, watoto wawili, Celestina na Vestina, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na Nyirabageni, ambaye mkanda umerudi kwenye kopo lake.

Lala sasa, kaka. Jumamosi hii hakuna harusi.

Wasifu huu alitaka ausikie mwenyewe kabla. Nilimsomea wiki iliyopita, kuanzia tangazo la juu, kisha nikamwuliza kama ameridhika. Akafumbua jicho moja.

"Kidole kibaki. Mwanzo kata."