Mbwa Alikuwa na Fangasi, Nikamwita Mama Mkwe Mchawi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nimesimama hapa na aibu yangu, lakini nitasema.

Huku kwetu juu milimani tulifuga mbwa wa kufukuza ngedere kwenye mahindi. Mchana yuko shambani, jioni anajikunja mkekani na binti yangu Neema. Akaanza kunyonyoka manyoya, viduara viduara. Nikasema ni uzee tu.

Kisha Neema naye akaanza kunyonyoka nywele. Kipara cha mviringo, kama kapitishwa wembe. Ndugu zangu, mnajua tunavyosema: mtoto akiamka na kipara, wachawi wamemnyoa. Sikuuliza mara mbili. Aliyekuwa akimsuka ni mama mkwe. Nikamnyima shikamoo, nikamkataza asimguse mtoto. Nikafunga, nikaomba, nikalitaja jina lake kwenye maombi, na baadhi yenu mkaitikia amina. Mwisho nikamwambia mume wangu achague, mimi au mama yake. Yule mama akafungasha kanga zake, akaenda kwa dada yake kule Dumila huku analia.

Wiki hiyohiyo akaja daktari wa mifugo kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Akamgeuza mbwa wetu ubavu. Akamtazama Neema kichwani. Akautazama mkono wangu, penye duara jekundu nililokuwa nikilipaka mafuta ya upako kila asubuhi.

"Mama, hii ni fangasi," akasema. "Mbwa anayo, na inahamia kwa watu. Mtoto anayo, na wewe unayo. Nendeni zahanati leo."

Nikautazama mkono. Duara mkononi mwangu mwenyewe! Mimi nilinyolewa na nani?

Neema alipewa vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi, mimi dawa ya kupaka, mbwa akaogeshwa kwa dawa, mkeka tukauchoma. Nywele zimeota. Lakini aliyefunguliwa hasa ni mimi na ulimi wangu. Nilikwenda Dumila, nikapiga magoti uani.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza, "Mtoto anasukwa na nani siku hizi?"

Nililia kama mtoto mdogo, nikarudi naye nyumbani.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu. Yeye anaponya, na daktari ni wake pia. Mkiona mbwa ananyonyoka, mpelekeni akapimwe kabla hamjamtafuta mchawi. Mama yangu huyo ameketi pale, benchi la nyuma. Ibada ikiisha, msije kunipa mkono mimi. Nendeni kwake, mkamwombe radhi.