Mama Yenu Abaki Onotoa

Njooni karibu, wanangu, na wewe Uelese sogeza kiti upande huu wa sikio linalosikia, kwa maana nimechoka na sitayasema haya mara mbili. Fiapaipai, mama, acha vyombo, kaa chini. Mimi Elisara Tofaeono, niliyefundisha katika shule za kisiwa chetu hiki cha Savaii miaka thelathini na minne, nasema nikiwa na akili zangu zote, asije mtu kudai kesho kwamba homa ndiyo iliyosema.

Mambo mepesi kwanza. Nyumba hii ni ya Fiapaipai, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki kuniosha na kunigeuza. Shamba la juu, lenye magimbi na kakao, mligawane kwenye mstari wa mawe alioupanga babu yenu, wala msimlete mpimaji kutoka mjini Apia, maana mpimaji huleta kesi. Jina la uchifu ni la ukoo, ukoo utakaa na kuchagua. Wakiuliza nilitaka nani, waambieni nilitaka Uelese, lakini baada ya kutimiza nitakayomwagiza leo.

Sasa lile zito. Kaburi la vigae mlilojenga mbele ya nyumba, lenye nafasi mbili, nimeliona, na ni zuri. Najua pia kwamba vibali vimetoka, na kwamba mwezi wa nane Uelese anakwenda Onotoa kumfukua mama yenu amlete alale kando yangu. Nawakataza. Nitawapa sababu, na mkishaisikia mtakuwa na haki ya kunikasirikia.

Mnakumbuka tulivyoondoka. Nilikuwa nimestaafu, mama yenu Siniva alikuwa na miaka sitini na moja, na kanisa lilikuwa linatafuta wanandoa wazee wa kwenda kuhudumu katika visiwa vya Kiribati, watu wazima wasio na watoto wa kusomesha. Mimi nilisita. Siniva akasema afadhali tukachokee kwa watu kuliko kuchokea barazani kwetu tukitazama barabara. Tukaenda. Onotoa ni kisiwa chembamba, unasimama katikati unaiona bahari pande zote mbili, maji ya kisima yana chumvi, na kila siku ni samaki na nazi. Mchungaji wa pale alikuwa amekwenda masomoni Tarawa, kisiwa kikuu, akatuachia kanisa, nyumba, na nguruwe wake wawili.

Mama yenu alipendwa upesi. Alikaa chini na wanawake wakisuka makuti na majani ya mkadi, akakosea maneno ya lugha yao, wakamcheka, naye akawacheka walivyosema Kisamoa. Mimi waliniheshimu, na sikuitambua tofauti. Wazee wa kisiwa walikuwa wamelelewa na wachungaji Wasamoa wa zamani, wale wakali wa enzi za Mwingereza, na waliponiona na koti langu jeupe walijua la kufanya: walinyamaza. Nikadhani kunyamaza kule ni utii, na utii ni imani. Ndivyo nilivyofundishwa na walimu wangu wa New Zealand, kwamba darasa likiwa kimya basi linajifunza.

Palikuwa na mtu anaitwa Ioteba Tekinene. Lishikeni jina hilo lote. Alikuwa na ngalawa yenye mashine, na Jumapili moja aliivusha kwenda upande wa kaskazini kumpelekea dada yake unga. Nikamtenga na Meza ya Bwana miezi mitatu, kwa kusafiri siku ya ibada. Akasimama kwenye bwalo la kijiji mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema, "Sawa, mwalimu." Usiku ule Siniva alinigeuzia mgongo.

Mwezi wa pili wa adhabu yake, mama yenu akashikwa na tumbo. Ilikuwa Ijumaa. Kufikia Jumapili asubuhi tumbo limekuwa gumu kama ubao, na muuguzi wa kituo akasema hana la kufanya tena, lakini kuna ndege imeleta wageni, iko kule kiwanjani kaskazini, itaondoka saa tisa, wampeleke Tarawa akapasuliwe. Kwa miguu asingefika, na bahari ilikuwa imejaa na kuikata barabara. Ilibaki ngalawa.

Wanangu, niliwaandikia barua. Niliandika: ngalawa haikupatikana. Ninyi mkalilia maneno hayo, mkayashika miaka kumi na minane, mkawachukia watu wa Onotoa kwa ajili yake.

Ngalawa ilipatikana. Ioteba aliileta mwenyewe, kabla kengele ya ibada haijapigwa, akaifunga mbele ya nyumba yetu, mashine imejaa mafuta, mkeka umetandikwa ndani. Akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti kwa sababu alikuwa ametengwa, akasema, "Mwalimu, mlete mama twende."

Nami nikatazama nje nikaona watu wanakuja ibadani, wananitazama. Nikafikiri: nimemtenga mtu huyu kwa ajili ya unga wa dada yake, leo nipande ngalawa yake siku ileile kwa ajili ya mke wangu? Watasema sheria ya mwalimu ni ya wenzake, si ya nyumbani kwake. Nikaona hiyo ndiyo haki. Nikamwambia Ioteba tutavuka Jumatatu, alfajiri sana, huenda ndege nyingine ikaja.

Mama yenu alisikia kutoka kitandani. Mnaujua ulimi wake. Akaniita, "Elisara, Jumapili iliyopita nguruwe wa mchungaji alikata kamba, ukamkimbiza kijiji kizima na koti lako la ibada. Mimi wala sikimbii. Nibebe tu." Muuguzi akacheka, kisha akalia. Mimi nikasema, "Vumilia, mama, ni siku moja." Akasema, "Haya, mwalimu." Miaka thelathini na tisa ya ndoa, hakuwahi kuniita mwalimu.

Nikaenda kuhubiri. Saa tisa tukaisikia ndege ikipita juu ya paa.

Jumatatu tulivuka, na kiwanja kilikuwa kitupu. Alifariki Jumanne mchana, Ioteba amemshikia kichwa.

Nipe maji, Fiapaipai. Kidogo. Basi.

Ioteba ndiye aliyetoa mahali pa kumzika, kwenye kiwanja chake, kati ya mama yake na mtoto wake aliyekufa mchanga. Kila Jumamosi wanabadilisha changarawe nyeupe juu ya kaburi lile. Mnajua hayo kwa sababu nimewaambia, mkasema wanaona haya, ndiyo maana. Na alipokwenda binti yake, Nei Meere, kufanya kazi mashambani New Zealand ulikokuwa unaishi, akakutafuta, Uelese, akakuletea mkeka na samaki wakavu, ukamwacha nje ya mlango. Ulinipigia simu kunieleza. Ulisema ulimwuliza, "Ngalawa yenu ilikuwa wapi?" naye akajibu, "Baba anawasalimu," akaondoka. Ulikuwa unajivunia. Nami nikashika simu, nikasema, "Vizuri, mwanangu."

Alijua. Wote wanajua, kisiwa kizima. Ioteba aliwakataza wasimwaibishe mzee mbele ya watoto wake. Amebeba lawama yangu miaka yote hii, na mimi nikamwacha aibebe.

Sasa ukienda na masanduku na vibali kumfukua, utamwambia mtu yule, mbele ya watu wake, kwamba hakustahili hata kumtunza. Mwacheni mama yenu. Amelala kwa watu waliotaka aishi. Mimi nizikeni peke yangu, na ile nafasi ya pili izibeni.

Nimechoka. Lakini bado.

Fiapaipai, sandukuni chini ya shuka kuna mkeka laini, ule aliokuja nao mama yenu siku ya harusi. Ulete. Desturi mnaijua: aliyekosa hujifunika mkeka, hukaa mbele ya nyumba ya aliyemkosea, hasemi kitu, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aufunue. Mwezi wa nane, Uelese, safari usiivunje. Nenda, ukae chini yake mbele ya nyumba ya Ioteba, kwa niaba yangu, na kwa ajili ya Nei Meere pia. Kule hawaijui desturi hii. Huenda wakakuacha juani muda mrefu wakishangaa. Vumilia.

Lakini ninyi ndio wa kwanza niliowakosea. Niliwanyima mama, kisha nikawanyima ukweli. Kukaa siwezi tena. Nitandikieni mkeka huo juu yangu, hapa nilipo.

Mungu awape... awape nyumba isiyo na uongo. Awalinde watoto wenu. Mpendane. Uelese, usimpigie dada yako kelele. Fiapaipai, pumzika sasa, mama, umefanya vya kutosha.

Nifunike. Na uso pia. Hivyo hivyo.

Usiharakishe, Uelese. Kama leo huwezi kuufunua, toka... tembea kidogo, urudi. Ukikuta nimeshakwenda, ufunue hata hivyo.

Nangoja.