Neno Lililofika Maskati

Baraza ya Sokomuhogo ilikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote: mtu akiwa na la kusema lisilofaa kupita kona, hufudikiza kwanza kikombe chake cha kahawa juu ya jiwe, kisha ndo anasema. Kikombe kikilala kifudifudi, neno haliondoki na mtu. Leo baada ya alasiri Anuar kamimina kahawa kama kawaida, kashata ziko sahanini, lakini hapana aliyefudikiza kitu. Nadir, wanayemwita Digrii kwa kuwa anayo na haijamfaa, kakaa pembeni na simu mapajani kama aliyepakatishwa mtoto wa watu anayelia.

Wiki iliyopita Mwalimu Kheir, anayefundisha chuo cha ualimu na hapa huitwa Chaki, alifudikiza kikombe akasimulia habari ya mwanafunzi wake, Radhiya wa Kizimkazi. Siku ya somo la majaribio woga ulimjaa, akafundisha kipindi kizima kalipa darasa mgongo, na mwisho akauaga ubao. Kheir akaiga hata sauti inavyotetemeka. Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Na simu ya Nadir ilikuwa inarekodi, maana Mmanga, mwenzao aliyekwenda kuendesha lori Maskati, haachi kuomba: “Nipelekeeni baraza, ndugu zangu. Huku nakunywa kahawa na ukuta.”

Mmanga alisikiliza, akacheka peke yake, akaona uchoyo kucheka peke yake, akaisambaza. Sasa watoto wa skuli ya Mbweni anakofanyia mazoezi Radhiya, wakimwona anaingia, wanageuza viti wanampa mgongo. Tangu Jumatatu hajakanyaga, na asipomaliza mazoezi, mwaka wake umepotea.

— Haya, wa kulaumiwa nani? aliuliza Mkadam, wanayemwita Redio Mbao, asiyeweza kukaa na kimya hata cha kumeza mate.

— Mie simo, alisema Kheir. Mie ndo niloendesha semina ya mitandao pale chuoni, walimu na wanafunzi pamoja. N'liwaambia, fikirini kabla hamjatuma. Na mie sikutuma kitu. N'lizungumza.

— Na jina ukalitaja, na sauti ukaiga! Nadir akamrukia. Very professional! Nyie wenye ajira nyie! Mtu anasomesha adabu ya mitandao, adabu ya mdomo kaiacha kabatini.

— Kikombe kilikuwa chini, Digrii. Ulikiona.

— Simu haijui kikombe.

— Wewe unakijua.

Hilo lilimwingia. Chuo hichohicho ndicho alichoomba kazi kikamwambia “tutakupigia,” na simu hiihii ndiyo anayoilinda tangu siku hiyo. Alikuwa na hasira na chuo, na Kheir, na Mmanga. Na ile iliyobaki hakutaka kuiangalia ni ya nani.

— Mie nasema kosa la kahawa, alisema Mkadam. Siku ile Anuar alizidisha tangawizi. Tangawizi inalegeza ulimi.

— Hebu nitolee kahawa yangu kesini, alisema Anuar.

— Basi ni waya. Waya wa intaneti si umepita chini ya bahari? Chumvi imeula. Maneno yanavuja, mkondo unayachukua. Ndo maana yakafika Maskati, hayakufika Morogoro.

— Morogoro yamefika, alisema Nadir. Shemegi yangu kanirudishia jana. Kaandika, “Sikiliza hii, utacheka.”

— Lahaula! Basi kuna jumba huko Ulaya, wamekaa watu mia, wamevaa makoti, kazi yao kuisikiliza Sokomuhogo tu!

— Who, Mkadam? Mie na shahada yangu hapana anayenisikiliza, itakuwa wewe na tangawizi yako?

Wakacheka kidogo. Mkadam alipoanza tena, sauti yake ilikuwa nyengine.

— Mnamkumbuka Bi Mwatima wa mikate ya mofa? Kuna mtu alisema hapahapa kuwa mikate yake ina mchanga. Kikombe chini. Marehemu baba yangu akalitoa nje. Baraza ikamwambia, vaa viatu ulifuate. Akapita mlango kwa mlango mpaka Malindi: “Hodi, lile neno mlosikia kwangu, nimekuja kulichukua.” Kila nyumba maji ya kunywa, kila nyumba, “Haya, shika neno lako.” Magharibi akaishia kwa Bi Mwatima mwenyewe, na Bi Mwatima akampa mkate.

— Ulikuwa na mchanga? aliuliza Nadir.

— Ulikuwa nao. Akaula wote.

Nadir alikumbuka utoto wake, kitandani ghorofani, vicheko vya baraza vikipanda dirishani. Alikuwa akimuuliza bibi yake wanacheka nini. “Ya kwao hayo. Lala.” Akalala kweli, usingizi mzuri, bila kujua.

— Assalaam alaykum. Shikamooni.

Msichana wa buibui, raba nyeupe miguuni. Walikuwa hawajapata kumwona, ila Kheir. Lakini sauti waliijua wote. Kheir alikuwa ameiiga vizuri mno.

— Radhiya, mwanangu, mie…

— Sikuja kukugombeza, Mwalimu. Shangazi yangu kaolewa mtaa huu. Kanambia hapa kwenu neno likitoka mna desturi ya kulifuata mlango kwa mlango, mpaka lirudi. Nimevaa viatu vya kutembelea. Nyie mtapiga hodi, mie n'takuwa nyuma yenu tu.

Akatazama njia ya Mkunazini, akatazama ya Malindi.

— Tuanzie mlango gani?

Mkadam alimwangalia Kheir. Kheir aliangalia kikombe chake. Anuar aliinamisha birika kwa kukosa la kufanya, halikutoka hata tone. Nadir alishavaa kandambili, alishasimama, na sasa hakujua mguu aupeleke wapi. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Mmanga: “Mbona leo kimya? Nipelekeeni baraza.”

Radhiya alikuwa bado kasimama mbele yao, kawaelekea uso kwa uso, anangoja jawabu.