Arobaini ya Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kulikuwa na karatasi mpya kwenye mlango B wa jengo letu mjini Ruse, Bulgaria. Ilikuwa na picha ya mtu, fremu nyeusi, na juu yake kwa herufi kubwa: SIKU 40. Matangazo ya marehemu hayakosekani mlangoni petu; hubandikwa mtu akifa, na tena arobaini yake ikifika. Wiki hiyo yalikuwa matatu, na hili lilikuwa la nne. Picha ilikuwa ya Dokta Aleixo Figueira, Mreno, mtafiti mgeni wa chuo kikuu, aliyekuja kupima tope la mto Danubi. Kwenye benchi tulikaa watu wale wale wa kila siku. Kulikuwa na Dobri tunayemwita Injinia, aliyetengeneza lifti miaka thelathini. Minko tunayemwita Hewa, kwa sababu kila ugonjwa kwake unaletwa na dirisha lililo wazi. Kancho, mwenye nyumba ya yule Mreno. Na mimi, wanayeniita Gazeti kwa kazi niliyostaafu. Penka, mwenyekiti wa mlango B, alishuka na chupa ya kahawa na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kumkumbukia marehemu, limefunikwa sukari ya unga. Karatasi alikuwa ameiona jioni iliyotangulia. Ngano alikuwa ameipika usiku.

 Kahawa ilimiminwa kwanza.

Hewa: Nilimwambia. Mungu wangu ni shahidi, nilimwambia. Dirisha la jikoni wazi, la chumbani wazi, yeye katikati anakula supu. Nikamwambia, daktari, utakufa.

Injinia: Hakuwa daktari wa watu. Daktari wa tope.

Hewa: Ndo maana hakujua.

Penka: Jamani, mtu hata miezi miwili hapa hajamaliza. Jumanne asubuhi nilipishana naye kwenye ngazi. Kabeba ndoo na mabuti. Akanisalimia vizuri kabisa.

Injinia: Jumanne ipi?

Penka: Jumanne hii, baba. Ziko ngapi?

Injinia aliinuka, akasogea mlangoni, akavaa miwani, akasoma tena. Alirudi taratibu.

Injinia: Imeandikwa siku arobaini. Mtu akitimiza siku arobaini leo, amekufa Septemba. Sasa Penka, Jumanne umesalimiana na nani?

Penka alijifanyia ishara ya msalaba, akamwaga kahawa kidogo kwenye aproni.

Hewa: Wamekosea uchapaji. Ni siku nne.

Mimi: Jumanne hadi leo ni siku tatu.

Hewa: We Gazeti, unapenda kuharibu.

Mimi: Nani ameona maiti? Nani amepigiwa simu na chuo?

Hakuna aliyekuwa ameona wala kupigiwa. Chini ya tangazo kulikuwa na namba ya simu. Injinia aliipiga, akaweka sauti juu ili sote tusikie. Mwanamke wa kwenye mtambo alisema mteja hapatikani.

Injinia: Si mmesikia? Marehemu hapatikani.

Penka: Dobri, koma!

Injinia: Mimi nasema ukweli. Na nawaambia kingine. Mle mtoni kuna kitu. Miaka yote watu wanamwaga vitu mle, halafu anakuja mtu kuchota tope na kulitia kwenye vichupa, anaandika tarehe. Mnadhani waliomwaga wamefurahi?

Hewa: Kwa hiyo wamemuua kwa ajili ya matope?

Injinia: Sijasema wamemuua. Labda wamemchukua. Karatasi hii ni ya kutufunga midomo. Na yule wa Jumanne alikuwa mwingine, kawekwa hapa aonekane. Mnakumbuka mwezi uliopita alikuwa na ndevu?

Penka: Alinyoa, Dobri. Wembe niliukuta kwenye taka. Alichanganya na plastiki.

Injinia: Haya. Mwenye akili timamu anachanganya wembe na plastiki?

Wakati wote huo Kancho hakuwa amegusa kikombe. Kancho ana miaka sabini na miwili na ni mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alikuwa anatazama viatu vyake.

Penka: Kancho, na wewe mbona kimya? Mpangaji wako huyu.

Kancho: Nimechoka tu.

Penka: Ile karatasi yake ulimsainia?

Kancho: Karatasi gani?

Penka: Usinifanye mtoto. Ya anuani. Alikuja kwangu mara mbili na kamusi mkononi. Bila mwenye nyumba kwenda kusaini mbele ya karani, hapewi kibali cha kukaa. Mwisho wake leo saa sita.

Jambo hilo nilikuwa nalijua. Barua ya ofisi ya uhamiaji nilimsomea mimi mwenyewe, neno kwa neno, jikoni kwangu. Asiposajili anuani kufikia saa sita mchana Ijumaa, utafiti ungesimama na angeondoka nchini. Kancho alimwambia Jumatatu. Jumatatu akamwambia Jumanne. Jumanne akamwambia Ijumaa.

Kancho: Sikukataa. Nilisema tutakwenda.

Injinia: Ulisema hivyo hivyo kwa mwaka mzima kuhusu bomba linalovuja kwangu.

Kancho: Binamu yangu kule Razgrad aliandikisha mtu kwenye anuani yake. Mwezi mmoja, alisema yule mtu. Kakaa miaka kumi na moja. Kaoa mle mle. Binamu yangu kafa, yeye bado yumo. Mimi nyumba ninayo hiyo moja.

Hewa: Huyu angekaa miaka kumi na moja kufanya nini? Tope lingeisha.

Kancho: Ninyi chekeni. Kila asubuhi alinisimamisha hapa hapa. "Habari ya asubuhi, Bwana Kancho, leo tunakwenda?" Hakasiriki. Sijui kwa nini hakasiriki. Mtu akikasirika unajua umjibu nini.

Penka: Alikuwa peke yake, Kancho. Wiki zote hizi hajaingia nyumba ya mtu hapa isipokuwa kuja kuuliza karatasi. Hata mimi sikumkaribisha. Nilimrudishia plastiki zake na kumwonyesha pipa.

Injinia: Mimi alinisaidia kubeba betri. Sikumuuliza jina.

Hewa: Mimi nilimfungia dirisha la ngazi usoni.

Kancho: Angekuwepo sasa hivi ningekwenda. Sasa hivi. Hata kahawa nisimalize.

Hewa: Sasa hivi umeshachelewa, bwana.

Penka alikuwa amesoma sehemu ya chini ya tangazo, ile ambayo sisi wengine hatukuwa tumefika. Ilisema: "Watu wa mlango B, asanteni kwa moyo wenu. Leo Ijumaa, saa kumi, ghorofa ya nne. Keki ipo." Alisema pengine ndugu zake wametoka Ureno kufanya arobaini, na ni aibu waje wakute hakuna aliyepika chochote. Akaanza kugawa ngano, vijiko vitano vitano kwenye vikombe vya karatasi. Kila aliyepokea alisema, "Mungu amsamehe." Kancho alisema mara mbili.

Saa tatu na nusu gari la chuo lilisimama kando ya jengo. Mtu alishuka na ndoo, mabuti ya mpira na begi la vichupa. Alikuwa na tope hadi magotini. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, kama kila asubuhi, na Penka, kwa mazoea ya mkono, akampa kikombe cha ngano na kijiko.

Mtu huyo alivua kofia, akala kijiko cha kwanza, akasema kwa makini maneno aliyofundishwa na mlango wetu ndani ya siku arobaini:

"Mungu samehe yeye."

Halafu akatutazama mmoja mmoja.

"Kafa nani?"

 Hewa aliangalia madirisha. Injinia alivua miwani. Penka alishika bakuli kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Aleixo Figueira aliona karatasi mlangoni, na uso wake ukachangamka.

"Ah, tayari wamebandika! Picha nzuri?"

"Nzuri," nilisema.

Alieleza alichoweza. Jumatatu alipita duka la uchapaji, akalipa wachape na kubandika. Kila mlango mjini una karatasi ya mtu, picha, jina na siku. Alidhani ndivyo wakazi wanavyojitambulisha. Yeye alikuwa anatimiza siku arobaini Ijumaa tangu ahamie kwetu, na kwenye karatasi ya jirani aliona SIKU 40, akaona ni bahati. Alimwonyesha mchapaji picha kwenye simu, akasema: kama hii. Jumanne akaenda Silistra kuchota tope. Kule mtoni simu haishiki.

Baadaye nilimpigia mchapaji. Alisema alimuuliza mara mbili kama ana uhakika, na mteja akajibu ndiyo mara mbili.

Pale kwenye benchi hakuna aliyemweleza.  Mreno alimaliza ngano yote, akasema ni tamu, akauliza kama inauzwa. Kisha akamgeukia Kancho kama kawaida yake. Alionekana amechoka. Hakuwa amelala tangu saa nane usiku.

"Habari ya asubuhi, Bwana Kancho. Leo tunakwenda?"

Kancho aliweka kikombe cha ngano chini. Kahawa yake ilikuwa bado imejaa.

Kancho: Nivae koti.

Hewa: Chukua na skafu, kuna upepo.

Kancho: Minko, niache.

Tulikwenda ofisi ya uhamiaji na gari la chuo; mimi nilikaa nyuma na ndoo. Foleni ilikuwa na watu kumi na tisa.  Mreno alisinzia amesimama, kichwa ukutani. Saa sita kasoro robo tulifika dirisha la tatu. Karani alimuuliza Kancho huyu mgeni anakaa kwake tangu lini.

"Siku arobaini," alisema Kancho.

Saa sita kasoro dakika sita alitia saini.